Mzazi akifikisha miaka 60: msamaha si bima

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote katika safu hii ni hili: "Mama yangu ametimiza miaka 60. Si tunaambiwa wazee wanatibiwa bure? Sasa nimlipie bima ya nini?"

Anayeuliza huwa na watoto wake wa kusomesha, ana sare na michango ya shule inayomsubiri, na alizeti ya mwaka huu ameshaipigia hesabu kabla haijafika mashine ya kukamua. Kila shilingi ina mwenyewe. Kwa hiyo swali lake ni la haki, na linastahili jibu lisilozunguka.

Jibu ni kwamba miaka 60 humpa mzazi wako msamaha wa matibabu. Msamaha huo ni haki yake na ni mkubwa, lakini si bima. Tofauti ya vitu hivi viwili huonekana siku ambayo familia haina muda wa kuitafakari: daktari ameshaandika dawa, dirisha la dawa limejibu kwamba haipo, na simu inakulilia wewe.

Leo tuvitenganishe. Tuone mzazi anastahili nini, wapi kinaishia, na njia gani nyingine zipo za kumwekea kadi mkononi kabla hajaugua.

Miaka 60 inafungua mlango gani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo ikaweka msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasio na uwezo wa kulipa, katika vituo vya umma.

Soma tena maneno matatu ya mwisho: vituo vya umma. Na soma tena yale ya katikati: wasio na uwezo. Sera haikusema kila mwenye mvi atibiwe bure popote. Imesema mzee asiyejiweza asikataliwe huduma katika kituo cha serikali kwa sababu ya fedha.

Ndiyo maana kuna kitambulisho cha matibabu cha mzee. Kazi huanzia kijijini: uongozi wa kijiji huorodhesha wazee wake, orodha hupelekwa halmashauri, na kwa kupitia idara ya ustawi wa jamii mzee hupata kitambulisho chenye picha yake. Kwa hapa Ihanja, safari hiyo inaanzia kwa mtendaji wa kijiji na kuishia kwenye ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Ikungi. Mzee aliyeachwa kwenye orodha hana kosa, na wala hajanyimwa. Mara nyingi siku ya kuandikishwa alikuwa shambani, au alikuwa kwa binti yake Singida mjini, na hakuna aliyerudi kumtajia jina.

Kama mzazi wako hana kitambulisho hicho, hilo ndilo jambo la kwanza la kufuatilia. Halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu wa kwenda kuuliza, na kurudi kuuliza tena.

"Mimi nimezaliwa mwaka wa njaa"

Kabla ya kadi yoyote kuna suala la umri, na hapa wazee wengi wanakwama. Wengi wao hawakuzaliwa hospitali. Hawana cheti cha kuzaliwa. Mwaka wao wa kuzaliwa wanaujua kwa tukio: njaa fulani, mvua fulani, vita, au mwaka mkubwa ulipofariki mtu wa ukoo.

Tumia matukio yenye tarehe zinazojulikana. Aliyezaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, alitimiza miaka 60 mwaka 2021. Aliyezaliwa mwaka 1965 alitimiza mwaka 2025. Kama mama anakumbuka kwamba wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa mwaka 1974 yeye alikuwa tayari ameolewa na ana mtoto mgongoni, basi amevuka 60 muda mrefu, hata kama kadi yake inasema vingine.

Na kadi kusema vingine ni jambo la kawaida. Kagua kitambulisho cha Taifa cha NIDA. Kagua kadi ya mpiga kura. Linganisha majina na miaka. Mama anayeitwa jina moja kwenye NIDA, jina jingine kwenye cheti chako cha kuzaliwa, na jina la tatu kwenye daftari la kijiji, kwa macho ya kompyuta ni wanawake watatu. Majina yakitofautiana, kiapo mbele ya hakimu au wakili ndiyo njia ya kawaida ya kuonyesha kwamba ni mtu mmoja. Kama umri ulikosewa, marekebisho yake ni ya NIDA, nayo huchukua muda. Yafanyeni mzee akiwa mzima, anaweza kutembea na kuweka alama za vidole.

Msamaha unaishia wapi?

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Tuseme mzee ana kitambulisho, amefika kwenye kituo cha afya, amepishwa kwenye foleni kama inavyotakiwa, na amemwona mganga bila kutoa senti. Mpaka hapo msamaha umefanya kazi yake. Yapo maeneo matatu ambako unaweza kumwacha njiani.

La kwanza ni dawa. Msamaha humwondolea mzee malipo ya dawa iliyopo kituoni. Kama dawa ya presha au ya kisukari imeisha, mzee hupewa karatasi, na karatasi hiyo duka la dawa haliihesabu kuwa fedha. Na magonjwa ya uzeeni yana tabia moja: hayaishi kwa dozi moja. Presha, kisukari, maumivu ya viungo, tezi dume, presha ya macho, yote yanataka dawa mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo dawa iliyokosekana leo na mwezi ujao ni gharama ya mwaka mzima.

La pili ni mahali. Msamaha ni wa vituo vya umma. Wilaya yetu ya Ikungi ina Hospitali ya Makiungu, ya Kanisa Katoliki, ambayo vizazi vya watu wa Singida wametibiwa. Hospitali za mashirika ya dini zinaweza kuwa na makubaliano na serikali kwa huduma fulani, lakini usidhani tu. Uliza kabla hujampandisha mzee kwenye gari: "Kitambulisho cha mzee kinapokelewa hapa? Kwa huduma zipi?"

La tatu ni vipimo na matibabu makubwa. Kadiri mgonjwa anavyopanda ngazi za rufaa, ndivyo gharama zinavyokua na ndivyo maswali yanavyoongezeka: barua ya rufaa iko wapi, afisa ustawi wa jamii ameidhinisha, kipimo hiki kimo? Mzee mwenye kitambulisho atasikilizwa. Mzee asiye nacho, na mtoto aliyemsindikiza akiwa amevaa viatu vizuri, huenda akaambiwa ana uwezo, alipe.

Mambo mengine hayahitaji kadi kabisa. Matibabu ya kifua kikuu, ya ukoma na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bila malipo kwa umri wowote. Mzee anayekohoa kwa wiki mbili asikae nyumbani kwa kuogopa gharama.

Njia ya kwanza: kadi ya mtoto aliyeajiriwa

Kabla ya kutoa fedha mfukoni, jiulizeni kama ndugu: nani kati yetu ameajiriwa na anakatwa mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF?

Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Kwa mchango huohuo anahudumiwa yeye, mwenza wake, na wategemezi wengine hadi wanne. Wategemezi hao si watoto peke yao. Wazazi wamo, na wakwe wamo.

Hii ndiyo kadi yenye nguvu zaidi ambayo mzee wa kijijini anaweza kuipata bila familia kuongeza hata shilingi. Inapokelewa katika vituo vya umma na vile vya dini na binafsi vilivyosajiliwa na Mfuko, pamoja na maduka ya dawa yaliyosajiliwa. Ile dawa iliyokosekana kituoni, iwapo imo kwenye orodha ya Mfuko, inaweza kuchukuliwa kwenye duka lenye mkataba.

Shida ni nafasi nne. Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi hapa Ihanja, mwenye mume na watoto watatu, na wazazi wanne walio hai: baba na mama yake, baba mkwe na mama mkwe. Watoto wakiingia wote, inabaki nafasi moja. Nani aingie? Hesabu hii imevuruga amani ya nyumba nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Mimi siwezi kukuchagulia, lakini naweza kukuonyesha hesabu inayosaidia. Mwanzo, angalia nani tayari analindwa na kitu kingine. Mtoto chini ya miaka 5 naye ana msamaha katika vituo vya umma. Mzee mwenye kitambulisho ana msamaha wake. Kijana wa sekondari hana chochote. Kisha angalia nani anatumia dawa kila mwezi na dawa hizo hukosekana mara ngapi kituoni. Mzee mmoja mwenye kisukari anaweza kuitumia nafasi ile kuliko mtoto watatu wasioumwa mwaka mzima. Mwisho, kumbuka mtoto hatoki tu kwa sababu umemtoa: mtoto hutambuliwa hadi umri uliowekwa na Mfuko. Kama mkubwa anakaribia kutoka, nafasi inakaribia kufunguka, na mzee anaweza kuandaliwa nyaraka zake sasa.

Halafu hesabuni orodha zote za ukoo, msiishie kwenye moja. Mume na mke wakiwa wote watumishi, kila mmoja ni mwanachama. Kaka yuko jeshi la magereza, dada ni muuguzi Manyoni, mdogo ni mwalimu Iramba: hizo ni orodha tatu. Baba anaweza kuandikwa kwa mmoja na mama kwa mwingine. Ukoo wenye watumishi watatu na wazazi wawili wasio na kadi haujakosa nafasi, umekosa kikao.

Nyaraka zinazoulizwa kwa kawaida ni cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mzazi, kitambulisho cha mzazi, na picha. Kwa wakwe, cheti cha ndoa. Ndiyo maana nilisema majina yarekebishwe mapema. Na kabla hujasaini fomu, uliza: "Nikimwandika mama leo, ninaweza kubadilisha mwakani? Kwa masharti gani?"

Kama mzee mwenyewe ni mstaafu

Wapo wazazi waliokuwa walimu, mabwana shamba, wauguzi, madereva wa halmashauri. Mwanachama wa NHIF anayestaafu kwa mujibu wa masharti ya Mfuko huendelea kuhudumiwa pamoja na mwenza wake bila kuchangia tena. Watoto na wategemezi wengine hawaendelei.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Moja, kama mzazi wako anakaribia kustaafu, afuatilie kadi yake kabla ya siku ya kuagwa, akiwa bado na afisa utumishi wa kumuuliza. Mbili, kama anawalea wajukuu, wajukuu hao hawana tena kadi ya babu. Lazima waingie kwa mzazi wao au kwenye njia inayofuata.

Njia ya pili: CHF, ya elfu thelathini

Familia nyingi za hapa hazina mtumishi hata mmoja. Wao ni wakulima wa alizeti, mtama na vitunguu, wafugaji, mafundi, wauza kuku. Kwao ipo CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii.

Mfuko huu si mgeni katika ukanda wetu. Ulianza kwa majaribio mwaka 1996 Igunga, kwa majirani zetu wa Tabora, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Ule wa zamani ulikuwa na udhaifu mmoja uliowakatisha watu tamaa: kadi iliishia karibu na ulipojiandikisha. Kuanzia mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa. Kwa sisi wa mikoani, kaya ya watu wasiozidi sita iliwekewa mchango wa Sh30,000 kwa mwaka, na huduma zinapanda kwa rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Tuifuate njia yenyewe. Mzee anaanzia zahanati ya kijiji. Ikishindikana anaandikiwa kwenda Kituo cha Afya Ihanja. Ikizidi, hospitali ya wilaya. Ikizidi tena, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Singida mjini. Hapo ndipo CHF inapoishia. Daktari akisema mgonjwa aende Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au Muhimbili, kadi ya CHF haimfuati. Kadi ya NHIF humfuata. Hii ndiyo tofauti kubwa ya kadi hizi mbili, na ni vizuri mkaijua mkiwa bado nyumbani.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni maana ya kaya. Kaya ni mkuu wa kaya, mwenza wake na wategemezi wanne. Mzazi wako aliye na nyumba yake ni kaya peke yake, hata kama mnalala mita ishirini kutoka kwake. Usimhesabu ndani ya kadi yako ukadhani ameingia, kumbe wewe, mwenza wako na watoto wanne mmeshajaza nafasi sita. Kwa upande mwingine, bibi na babu wanaowalea wajukuu wanne wanaweza kuwa kaya moja kamili, na kwa Sh30,000 wajukuu nao wakapata mahali pa kutibiwa.

Hapa msomaji ataniuliza: "Kama bibi na babu wana kitambulisho cha msamaha, CHF ya nini?" Kwa wengi jibu ni hao wajukuu. Msamaha wa mzee ni wa mzee, hauwagusi watoto anaowalea. Na bibi mwenye mjukuu wa miaka 9 anayeumwa malaria, msamaha wake hautamlipia huyo mtoto.

Sasa tupige hesabu ya watoto waliotawanyika. Mko watano: mmoja Dar es Salaam, mmoja Arusha, wawili hapa kijijini, mmoja machimboni. Sh30,000 mkigawana ni Sh6,000 kwa kila mmoja kwa mwaka. Kwa mwezi ni Sh500. Hakuna kati yenu anayeshindwa Sh500 kwa mwezi. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kukusanya, kupeleka kwa afisa mwandikishaji wa kijiji, na kutuma picha ya kadi na risiti kwenye kundi la familia.

Lipeni wakati wa mavuno, fedha ikiwa mkononi, na andikeni tarehe ya kadi kuisha. Kadi iliyoisha Februari, wakati wa njaa, ni kadi ambayo haitahuishwa hadi Juni. Ulizeni pia kadi inaanza kutumika lini baada ya kulipa. Mwandikishe mzee anayetembea, usisubiri aliyebebwa.

Njia ya tatu: vifurushi vya hiari

Kama hakuna mtumishi katika ukoo na bado mnataka kadi inayopita mkoa, NHIF ina vifurushi vya kujiunga kwa hiari. Novemba 2019 ilizindua vitatu: Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, kwa bei ya mtu mmoja iliyoanzia Sh192,000 kwa mwaka hadi Sh984,000. Baadaye Mfuko ukaleta vingine vyenye majina ya hifadhi zetu, Ngorongoro Afya na Serengeti Afya.

Bei hubadilika, kwa hiyo usinunue kwa bei uliyoisoma kwenye picha iliyosambazwa mwaka jana. Nenda ofisi ya NHIF Singida mjini au tovuti yao. Kanuni ya kukumbuka ni hii: bei inafuata umri, na kundi la miaka 60 na kuendelea ndilo hulipa zaidi. Vifurushi vya hiari pia huwa na muda wa kusubiri kwa baadhi ya huduma, na vina ukomo. Ukimnunulia baba kifurushi leo ili afanyiwe upasuaji wiki ijayo, unaweza kukuta upasuaji huo unataka asubiri miezi.

Kwa hiyo ulizeni maswali manne kabla ya kulipa. Ugonjwa alionao tayari umo? Upasuaji unaanza kugharamiwa baada ya muda gani? Kulazwa ni siku ngapi? Dawa zake za kila mwezi zimo kwenye orodha? Nenda na karatasi ya dawa hizo, usiende na maelezo ya kichwani.

Sheria mpya inasemaje?

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ambao vyanzo vyake vilivyotajwa ni pamoja na ushuru wa vinywaji vyenye gesi, pombe na vipodozi. Ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, mzee asiye na uwezo hatabaki na msamaha tu. Atakuwa na bima inayolipiwa na serikali.

Kwa mzazi wako maana yake ni moja: kutambuliwa. Mzee asiye na namba ya NIDA, asiye kwenye orodha ya kijiji, au mwenye majina matatu, atachelewa kuingia hata kama haki ni yake. Maandalizi ya sheria mpya ni yale yale niliyokwisha kuyasema. Wala msiache kulipia kadi ya mwaka huu kwa kusubiri ya bure. Ugonjwa hausubiri kanuni.

Na neno kuhusu jumbe za simu. Kenya nao walikuwa na mfuko ulioitwa NHIF. Oktoba 2024 ulipisha mfumo mpya wa SHA, ambako mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Ujumbe unaosema "NHIF imefutwa" unahusu wao. NHIF ya Tanzania ni taasisi nyingine kabisa. Usimwambie baba atupe kadi.

Mzee mwenyewe akikataa

Wapo wazazi wasiotaka kusikia habari ya bima. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo baba. Nilikuwa naomba kitambulisho chako cha NIDA."

"Marahaba. Cha nini?"

"Nataka kukuandikisha bima ya afya."

"Mimi naumwa?"

Kwa mzee, kuandaliwa matibabu ni kama kutabiriwa ugonjwa. Wengine wanaona aibu kuwa mzigo. Usibishane naye. Mwambie kwa lugha yake: "Baba, kihenge hakijengwi siku ya kuvuna." Mwambie pia ukweli kwamba kadi ni kwa ajili yenu kama ilivyo kwake, ili siku simu ikilia usiku msianze kuuza mbuzi. Na kama anamsikiliza zaidi mjukuu au shemeji, atumwe huyo. Heshima ni pamoja na kujua nani aseme.

Kikao cha nusu saa

Fanyeni kikao, hata kwa simu. Ajenda ni tano tu.

Moja: kila mzazi ana kitambulisho gani, na majina yanafanana?

Mbili: kitambulisho cha matibabu cha mzee kipo? Kama hakipo, nani ataenda kwa mtendaji, na lini?

Tatu: nani ameajiriwa, na ana nafasi ngapi kwenye kadi yake?

Nne: kama hakuna nafasi, CHF inalipwa na nani, na nani anakusanya?

Tano: nauli. Hakuna kadi kati ya hizi inayolipia bodaboda ya usiku, gari la kwenda Singida, wala chakula cha anayemuuguza. Wekeni akiba ndogo kwa ajili hiyo, hata Sh1,000 kwa mwezi kwa kila mmoja. Mgonjwa mwenye kadi nzuri na asiye na nauli bado yuko nyumbani.

Mkimaliza, piga picha ya kila kadi, mbele na nyuma, uitume kwenye simu za ndugu angalau wawili. Kadi yenyewe ikae mahali ambapo hata mjukuu anapajua. Nyumba nyingi zina kadi, na kadi imefungiwa sandukuni, na funguo iko kwa mama aliyelazwa.

Kwa hiyo, yule aliyeniuliza "nimlipie bima ya nini?" jibu langu ni hili. Fuatilia msamaha wa mama kwanza, kwa sababu ni haki yake. Kisha mtafutie kadi inayoanzia pale msamaha unapoishia, ukianza na zile ambazo ukoo tayari unazilipia. Huenda ikawa haikugharimu kitu zaidi ya safari moja ya ofisini na kikao kimoja na ndugu zako.

Wiki ijayo tutazungumzia presha kwa wazee: kwa nini dawa haiachwi hata mzee akijisikia nafuu. Uwe na wiki njema, na msalimie mzazi.